Je, wajua kwa nini kivinjari huganda hata intaneti ikiwa nzima?

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome au Firefox, kinapoganda, ukurasa hausogei, kishale huzunguka bila kikomo, na hata alama ya kufungia dirisha haiitiki. Wengi wetu hapa Unguja na Pemba huilaumu intaneti papo hapo, na mimi niliamini hivyo kwa miaka. Kompyuta yangu mpakato, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ilipoanza kuganda nilinunua kifurushi kikubwa zaidi, nikahamia dirishani kuufuata mnara, na hatimaye nikaipeleka kwenye ofisi moja ya Mlandege iliyounganishwa na mkongo. Iliganda huko huko, huku kompyuta za jirani zikifungua kurasa zile zile bila taabu.

Kosa lilikuwa kuyachanganya maradhi mawili. Intaneti inapokuwa dhaifu kivinjari husubiri: kimekwisha kutuma ombi na jibu halijafika, lakini chenyewe kiko huru, kwa hiyo unaweza kuuteremsha ukurasa uliokwisha kufunguka, kufungua kichupo (tab) kipya au kuandika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, kurasa zilichelewa au hazikufika kabisa, ilhali kivinjari kwenye kompyuta yangu kiliendelea kutii kila nilichokiamuru. Kivinjari kilichoganda hakitii lolote. Njia rahisi ya kuyatenganisha maradhi haya ni kuzima Wi-Fi kisha kujaribu kuusogeza ukurasa ambao tayari uko mbele yako. Usiposogea, mtandao hauna hatia. Kipimo hiki si cha mkataa, kwa kuwa ukurasa ulioandikwa vibaya unaweza kujifunga wenyewe wakati unasubiri jibu, lakini mara nyingi hutosha.

Dhana nyingine niliyokuwa nayo, na ambayo naisikia kila siku, ni kwamba kufuta kache huipa kompyuta nafuu. Kache ni akiba ya picha na mafaili yaliyokwisha kupakuliwa, nayo huwekwa hasa kwenye diski ili usiyapakue tena. Ukiifuta, kurasa zako za kila siku zitapakuliwa upya na kifurushi kitaliwa bure. Hufaa pale mafaili yaliyohifadhiwa yanapokuwa yameharibika au yamepitwa na wakati, ukurasa ukaja umevurugika. Kuganda ni jambo jingine.

Sababu ya kwanza ya kuganda ni programu zilizomo ndani ya kurasa zenyewe. Lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, hutekelezwa kwa kawaida katika foleni moja, na foleni hiyo hiyo ndiyo inayopokea mibofyo yako, hivyo hesabu moja ndefu huwazuia wote walio nyuma. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilivitenga vichupo ili kimoja kisivigandishe vingine, na Firefox ikaanza kuufuata mpango wa namna hiyo mwaka 2016. Utengano huo una gharama yake, nayo hulipwa kwa kumbukumbu.

Hapo ndipo ilipo sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye maajabu. Mchukulie muuza viungo wa Darajani mwenye meza moja ndogo. Iliki, mdalasini na pilipili manga vilivyo mezani huvishika kwa sekunde moja. Meza ikijaa, na mteja akataka kitu kisichokuwapo, lazima aondoe kimoja akipeleke ghalani na kukileta kingine. Meza ndiyo kumbukumbu ya RAM, pale kompyuta inapoweka inachokifanyia kazi sasa, na ghala ndiyo diski. Sasa tazama umbali uliopo baina yao: kuchukua kitu kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100, na kukitafuta kwenye diski ya kuzunguka takriban milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Ikiwa mezani ni sekunde moja, ghalani ni saa zipatazo 28. Ni sawa na kumtuma kijana apande jahazi hadi Wete, achukue kikonyo kimoja cha karafuu na kurudi, mteja akiwa amesimama vile vile. Akirudi anaikuta meza ingali imejaa, kwa hiyo hana budi kuondoa kitu kingine, ambacho pengine ndicho mteja wa pili atakachokiulizia. Biashara yote inageuka kuwa safari. Kwa diski ya SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, ghala husogea karibu mno: safari inakuwa ya dakika kama 17, mfano wa pikipiki kwenda Mwanakwerekwe na kurudi, lakini bado ni safari.

Ndiyo maana upungufu wa kumbukumbu huigandisha kompyuta nzima, hata kishale cha kipanya kikawa kinaruka-ruka, ilhali ukurasa mbovu kwa kawaida hugandisha kichupo chake tu. Katika Chrome ya Windows bonyeza Shift na Esc; katika Firefox andika about:processes kwenye sehemu ya anwani. Utaona vichupo na viendelezi, yaani vijiprogramu vilivyopachikwa kwenye kivinjari, vinatumia kiasi gani, na utajua cha kufunga. Viendelezi vizime vyote, kisha uviwashe kimoja kimoja.

Kumbukumbu kuonekana imejaa si ugonjwa peke yake, kwa sababu mfumo hutumia nafasi tupu kuwekea akiba. Dalili ni pale diski nayo inapofanya kazi bila kupumua. Wapo wanaonufaika kwa kuzima uharakishaji wa maunzi, yaani kivinjari kuiachia chipu ya picha baadhi ya kazi zake, na wapo wanaozidi kuchelewa, hivyo jaribu pande zote mbili. Wakati wa kaskazi, kompyuta ikiwa ya moto na feni yake inavuma, joto nalo liangaliwe, kwani prosesa iliyopata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi.

Yangu niliiongezea kumbukumbu ikawa gigabaiti 8, na vichupo vile vile vinafunguka kwa kifurushi kile kile kidogo cha zamani. Kabla ya kununua, muulize fundi kama kompyuta yako ina nafasi ya kuongezea, kwani baadhi ya kompyuta mpakato kumbukumbu yake imelehemiwa kwenye ubao na haibadilishwi.