Mbwa aliyegoma getini si mkaidi

"Daktari, huyu mbwa mkaidi. Ukimfunga kamba analala chini. Nimvute mpaka azoee?" Wiki iliyopita nimeulizwa hivyo mara tatu. Mara ya tatu jibu lilikuwa limelala mezani kwangu: jike wa kahawia aliyeokotwa jalalani, kaburutwa kwenye changarawe kutoka Chang'ombe, hapa Dodoma. Kucha za mbele zilikuwa zimesagika mpaka kwenye nyama, na chini ya taya kamba ya manila ilikuwa imenyoa manyoya na kuacha mstari mwekundu.

Dhana: mvute, atazoea.

Hazoei. Mbwa aliyelala chini, mkia kaubana, masikio kayalaza nyuma, analambalamba midomo na chakula hakuna, huyo anaogopa. Jiulize kamba ilikuwa nini kwake kabla hujamchukua. Huenda alifungwa mtini kutwa nzima, au alikamatwa nayo shingoni akaswagwa. Ukimvuta, naye atavuta kurudi nyuma, maana ndivyo mnyama anavyojitetea. Kamba inambana koo, anakohoa, na somo analobaki nalo ni kwamba kutoka na wewe kunauma.

Fanya hivi. Siku za kwanza mwache aizoee nyumba tu. Kisha mvalishe mkanda wakati wa kula, uache nafasi ya vidole viwili, umvue akimaliza. Akiacha kuukuna, mfunge kamba nyepesi aiburute uani huku unamwangalia isije ikanasa. Baada ya hapo ndipo ushike ncha, na mwanzoni wewe ndiye umfuate. Kila akigeuka kukutazama, mpe kipande cha maini ya kuchemsha, kidogo kama punje ya hindi. Dakika 5, mara mbili kwa siku, inatosha.

Akigoma getini, legeza kamba. Chuchumaa umpe ubavu, usimkodolee macho, subiri. Akipiga hatua moja, mpe ini lake mrudi ndani. Kesho zitakuwa tatu. Siku atakapochangamka na kuanza kukuvuta wewe, simama. Kamba ikilegea ndipo muendelee. Wapo wanaoelewa kwa wiki, wapo wa miezi. Mimi napenda mkanda wa kifuani kuliko wa shingoni, hasa kwa mbwa aliyewahi kukabwa.

Na kwa huku kwetu, kabla hujamwita mkaidi inua mguu wake uangalie katikati ya vidole. Mbigili moja inamsimamisha mbwa yeyote.

Dhana: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo muachie samaki. Mbwa wa miaka 7 anajifunza, tena mara nyingi ametulia kuliko mtoto.

Dhana: wa kienyeji hafundishiki. Nenda Bahi ukawaone mbwa wanaofuatana na wachungaji, bila kamba, katikati ya mbuzi. Nani aliwafundisha?

Dhana: kumpa nyama ni kumhonga. Ni ujira. Akishazoea utaupunguza taratibu.

Dhana: mnyororo mzito humkomaza. Unamwelemea shingo, na mlio wake unamtisha zaidi. Wa kufundishia hapana.

Dhana: saa yoyote ni saa ya kutembea. Saa nane mchana lami ya Dodoma inaunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani kwa sekunde 7. Ukishindwa, naye hawezi. Toka saa 12 asubuhi, bodaboda hazijajaa na mbuzi hawajatolewa zizini.

Tena asivuke geti kabla hajachanjwa kichaa cha mbwa. Kuanzia miezi mitatu anachanjwa, na chanjo hurudiwa. Kama kadi huna, mlete, lakini mpakie kwenye bajaji. Usimburute.