Kupanga Safari ya Kupanda Manaslu: Hesabu Huanzia Kileleni

Kambi kuu ya Manaslu, nchini Nepal, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 4,800, karibu sawa na kambi ya Kibo ambako wapandaji wengi wa Kilimanjaro hulala saa chache kabla ya kuamshwa usiku wa manane kuelekea Uhuru. Mahali ambapo mpandaji wa Kilimanjaro amebakiza usiku mmoja tu, mpandaji wa Manaslu ndiyo kwanza anafungua mizigo, na juu yake kumesalia zaidi ya mita 3,300. Kazi yangu ni kupanga safari za kuongozwa kwenda kwenye milima ya aina hii, na ninachoulizwa mara kwa mara na wenzangu wa Moshi na Nairobi ni siku ngapi zinahitajika na fedha kiasi gani. Maswali yote mawili yana majibu, ila majibu hayo hayapatikani kwa kufungua kalenda au orodha ya bei. Huanzia siku ya kilele, kisha tunahesabu kurudi nyuma, kambi hadi kambi, mpaka tunafika Kathmandu.

Kwanza mlima wenyewe. Manaslu una urefu wa mita 8,163 na ni wa nane duniani. Walioufikia mara ya kwanza ni Toshio Imanishi wa Japani na Gyalzen Norbu, Mei 9, 1956. Njia ya kawaida hupita upande wa kaskazini mashariki, na kwa mlima wa kiwango hiki haina kuta nyingi za kutisha. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa njia ya Cho Oyu, mlima mwingine unaozidi mita 8,000, kupitia Tibet imekuwa ikifungwa mara kwa mara, makampuni mengi huwapeleka hapa wateja wanaotaka kilele chao cha kwanza kinachozidi mita 8,000. Anayekuambia kwamba Manaslu ni rahisi hajakudanganya kuhusu mteremko wa njia, ila amekuficha habari za theluji. Msimu wake mkuu ni Septemba na mwanzo wa Oktoba, wakati mvua za monsuni bado zinaondoka, na theluji inaweza kuanguka siku kadhaa mfululizo. Alfajiri ya Septemba 23, 2012, maporomoko yaliwakuta watu wakiwa wamelala katika eneo la kambi ya 3, na 11 walipoteza maisha. Septemba 26, 2022, maporomoko mengine yalishuka kati ya kambi ya 3 na ya 4 na kuua tena. Kwa hiyo ninapochagua mahali pa kupiga mahema ya kambi ya 3, huwa sitafuti mahali palipo tambarare zaidi, bali palipojikinga na barafu inayoning'inia juu, hata kama wateja watalala wakiwa wamebanana.

Sasa hesabu ya kileleni. Shinikizo la hewa huko juu ni kama theluthi moja tu, au zaidi kidogo, ya lile la usawa wa bahari, hivyo karibu wateja wote wanaoongozwa hutumia oksijeni ya mitungi kuanzia kambi ya 3 kwenda juu. Mtungi unaotumika sana una ujazo wa lita 4 na hujazwa kwa shinikizo la takriban bar 300, yaani gesi ya kama lita 1,200. Chukua mteja mmoja. Kutoka kambi ya 3 hadi ya 4 ninamhesabia saa 6 akitumia lita 2 kwa dakika, ambazo ni lita 720. Usiku katika kambi ya 4, kwenye mita 7,400 hivi, analala saa 8 kwa nusu lita kwa dakika, lita 240. Kupanda kutoka hapo hadi kileleni ni saa 8 kwa lita 3 kwa dakika, lita 1,440. Kushuka hadi kambi ya 4 ni saa 3 kwa lita 2, lita 360. Jumla yake ni lita 2,760, na mitungi 3 ina lita 3,600, kwa hiyo kwenye karatasi zinabaki lita 840.

Akiba hiyo huyeyuka upesi kuliko inavyoonekana. Foleni kwenye kamba zilizofungwa njiani ikigeuza saa 8 za kupanda kuwa saa 11, zile 3 za ziada zinakula lita 540, karibu theluthi mbili ya akiba yote, na hapo bado hatujamfikiria mtu atakayezuiwa na upepo akalazimika kulala usiku wa pili kambi ya 4. Tena gesi inayobaki haiko mahali pamoja: nyingine imo kwenye mtungi ulioachwa nusu njiani, nyingine kambini, na mtungi ulio kambini haumsaidii mtu aliyekaa kwenye theluji saa mbili juu ya kambi. Kwa hiyo huongeza mtungi mmoja wa akiba kwa kila wateja 2, na katika mpango huandika kila mtungi utakuwa wapi, saa ngapi, na umebebwa na nani. Mitungi yote hupimwa kambi kuu, mmoja mmoja, kwa sababu mingi imeshajazwa upya mara nyingi na si yote hufika ikiwa imejaa. Anayepima akumbuke kwamba kwenye baridi kali geji husoma chini ingawa gesi yenyewe haijapungua, la sivyo atakataa mitungi mizima na kukubali ile iliyopimwa juani.

Kwa kundi la wateja 6, lenye viongozi wa Kisherpa 6 wanaopata mitungi 2 kila mmoja, na kiongozi mkuu anayepata 3, idadi inafika mitungi 36. Barakoa na vidhibiti vya gesi vya akiba ni lazima viwepo kambi ya 4, maana kidhibiti kilichoganda hukufikisha hali ileile ya mtungi mtupu. Mteja akisema atapanda bila oksijeni, bado ninaipandisha mitungi yake yote, pamoja na ya mwenzake. Wasomaji wa Kenya watakumbuka Mei 2024, Cheruiyot Kirui alipofariki juu ya Everest akijaribu kupanda bila oksijeni ya mitungi, na Nawang Sherpa aliyekuwa naye akafariki pia. Uamuzi wa mteja kuhusu mapafu yake haunipi ruhusa ya kuamua kuhusu mapafu ya anayemwongoza.

Kuna jambo la Manaslu ambalo hadi miaka ya karibuni halikuwemo kwenye mipango ya wengi. Kwa muda mrefu makundi mengi yalikuwa yakiishia kwenye kilele cha mbele, kilicho chini kidogo ya kile halisi, pale kamba zilipokoma, na kupiga picha. Septemba 2021 Mingma G, kiongozi wa milimani kutoka Nepal, na wenzake walipita pembeni ya ukingo unaoendelea kutoka hapo hadi nukta ya juu kabisa, na picha za angani zilizopigwa na droni ya Jackson Groves zikaonyesha wazi umbali uliokuwa ukiachwa. Tangu msimu wa 2022 kamba hufungwa hadi kilele halisi, na wahifadhi wa kumbukumbu za upandaji wa Himalaya zilizoanzishwa na mwandishi wa habari Elizabeth Hawley huko Kathmandu hawamhesabii mtu kilele kama hakufika pale. Kwa mpangaji, hiyo ni kamba ya ziada, na ni muda wa ziada mahali pabaya kuliko pote kusubiri foleni, kwa kuwa anayerudi na anayekwenda hupishana kwenye ukingo mwembamba. Ninaongeza saa nzima, na saa hiyo imo tayari ndani ya zile 8.

Tukishajua siku ya kilele inadai nini, tunaweza kuuliza mwili wa mteja unahitaji siku ngapi ili ufike pale ukiwa tayari. Kilimanjaro hupandwa kwa siku 6 hadi 8, na ukweli ni kwamba wengi hufika Uhuru kabla miili yao haijazoea mwinuko, wakagusa kilele na kuteremka kabla ya ugonjwa kuwakamata sawasawa. Juu ya mita 7,000 ujanja huo haupo. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pako pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na upumzike siku moja kila baada ya siku 3 au 4. Ndiyo maana napendelea wateja wapande gari kutoka Kathmandu hadi Besisahar na Dharapani, kisha watembee kuvuka Larkya La, pito la mlimani lenye mita 5,106, na kushukia kijiji cha Samagaun kilicho kwenye mita 3,500 hivi. Helikopta hufika Samagaun moja kwa moja na kuokoa wiki nzima, lakini wiki hiyo italipwa baadaye kambi kuu kwa maumivu ya kichwa na usingizi wa mang'amung'amu.

Kutoka kambi kuu tunafanya mizunguko miwili. Katika wa kwanza wateja hulala kambi ya 1, kwenye mita 5,700 hivi, wakarudi. Katika wa pili hulala kambi ya 1 na ya 2, wakagusa njia ya kambi ya 3, wakarudi tena. Mpandaji wa Kilimanjaro atagundua kwamba kambi ya 2, yenye takriban mita 6,300, tayari iko juu ya Uhuru, na hapo ndipo anapotakiwa kula, kulala na kuamka akiwa bado na hamu ya chai. Baada ya mizunguko hiyo kuna mapumziko, kisha safari ya kilele ya siku 5 au 6, na kabla yake wiki nzima tupu ya kusubiri hali ya hewa. Wiki hiyo ndiyo ya kwanza ambayo mteja mwenye haraka huomba iondolewe ili bei ishuke. Siiondoi. Asiye na siku za kusubiri hulazimika kupanda siku aliyo nayo, hata kama theluji mpya ya jana haijashikamana. Jumla inakaribia siku 40.

Nani aende? Mtu aliyefika Uhuru mara nyingi ana miguu na subira, lakini huenda hajawahi kuvaa kramponi, yaani meno ya chuma ya kufunga kwenye viatu, wala kushuka kwa kamba akiwa na glavu nene na vidole vilivyokufa ganzi. Kwa walio Afrika Mashariki huwashauri kwanza Margherita katika Rwenzori, mita 5,109, ambako bado kuna barafu ya kutembea juu yake kwa kamba, halafu mlima wa mita 6,000 na mwingine wa 7,000. James Kagambi, Mkenya aliyefika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62, alikuwa na miongo ya kazi ya ukufunzi milimani nyuma yake. Mteja asiyeweza kuhama yeye mwenyewe gizani kutoka kamba moja hadi nyingine simchukui, hata akilipa mara mbili.

Vibali hushughulikiwa na wakala wa Kathmandu kupitia Idara ya Utalii. Tangu Septemba 2025 ada ya Manaslu kwa msimu wa Septemba na Oktoba imepanda kutoka dola 900 za Marekani hadi 1,500 kwa mgeni mmoja, na kanuni zinataka walau kiongozi mmoja kwa kila wapandaji 2 kwenye milima inayozidi mita 8,000. Mimi hupanga mmoja kwa mmoja. Bima ya wafanyakazi ni takwa la sheria, na bima ya mteja lazima itaje waziwazi uokoaji kwa helikopta na mwinuko wa 8,163, kwa kuwa sera nyingi za wasafiri hukoma kimya kimya kwenye mita 6,000 au chini yake.

Suala la malipo ya viongozi wa Kisherpa linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Desturi ni kuwapa bahashishi ya kilele: mteja akifika, kiongozi wake analipwa nyongeza. Kwa utaratibu huo tunamwomba mtu awe mlinzi wa maisha ya mteja na papo hapo tunampa sababu ya kifedha ya kutomgeuza. Nyongeza hiyo mimi huifunga kwenye kazi iliyofanyika: mizigo iliyofikishwa kambi ya 4 na siku ya kilele kuanza. Wakigeuka mita 100 baada ya kuondoka kambini, fedha ni ileile. Saa ya kugeuka hutangazwa kambi kuu mbele ya wote, mteja husaini, na kiongozi aliye naye ana mamlaka ya kumrudisha hata kabla ya saa hiyo bila kuomba ruhusa kwenye redio. Dawa za deksamethasoni na nifedipini zimo mfukoni mwa kila kiongozi, kwa ajili ya uvimbe wa ubongo na maji kwenye mapafu. Zote mbili humpa mgonjwa nafasi ya kushuka, hazichukui nafasi ya kushuka kwenyewe.

Katika ratiba yangu safari haiishi siku ya kilele. Siku hiyo wateja hushuka walau hadi kambi ya 3, na ikiwezekana ya 2, kwa sababu usiku wa pili juu ya mita 7,000 humchosha mtu zaidi ya mteremko wenyewe. Kesho yake wanafika kambi kuu. Halafu zinafuata siku 2 ambazo bei nyingi za rahisi hazina: wafanyakazi wanapanda tena kuondoa mahema, mitungi mitupu, kamba za kundi na taka, wakiwa wamechoka na njia ikiwa imelainishwa na jua la siku kadhaa. Siku hizo hulipwa kwa viwango vya kupanda, watu wake ni tofauti na waliokwenda kileleni, na zimo kwenye bei ninayompa mteja siku ya kwanza tunapozungumza.