Moshi mweusi sio nguvu ya injini

Ndugu zangu wa Dodoma, kiangazi hiki malalamiko ya moshi wa malori na majenereta yameongezeka sana, ila mengi yanakwama kwasababu mtu anapiga simu anasema kuna lori linatoa moshi, basi, namba hana, saa hakumbuki. Tunalifuata wapi?

Juzi nilikua stendi ya Nanenane, mama ntilie kafunika sufuria ya wali, nikapitisha kidole juu ya mfuniko kikatoka cheusi tii na kinateleza. Vumbi letu ni jekundu na linakwaruza, yale yalikua masizi ya dizeli.

Moshi mweusi maana yake dizeli haijaungua yote, mara nyingi eya klina (chujio la hewa ya injini) imeziba au nozo za kupulizia mafuta zinamwaga ovyo, halafu dereva anakwambia gari lina nguvu! Hela yako ya mafuta ndo hiyo inapotelea hewani. Chembe zake nyingi hazifiki hata mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) wakati unene wa unywele ni kama 70, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na tangu 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeuweka moshi wa dizeli kwenye visababishi vya saratani. Na wanaosema ukivuta moshi unywe maziwa, maziwa jamani yanaenda tumboni, hayasafishi mapafu, hilo tuliache.

Jenereta usiwashe ndani ya duka wala koridoni, kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inaua mtu kalala.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inakupa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kwahiyo andika namba ya gari, mahali na saa, piga picha kama unaweza, peleka kwa ofisa mazingira wa halmashauri au NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mkaguzi akifika lazima ajitambulishe, anakagua, anaweza kutoa amri ya kurekebisha, na hapa wengi wanakosea, wanadhani wakilipa faini yameisha, hapana, faini haifuti amri, ukiipuuza hilo ni kosa lingine kabisa. Anayekiri, kosa lake linaweza kufifishwa, yaani kumalizwa kwa kulipa bila kufika mahakamani, ila analipia kwa namba ya malipo ya serikali, sio mkononi kwa mkaguzi, na akiombwa mkononi akatae.

Wenye magari, kwa vumbi la huku eya klina inaziba mapema kuliko kilomita za kwenye kitabu. Itoe, imulike na tochi kwa ndani, mwanga usipopita nunua nyingine leo leo.