General Motors ndo waliua tramu za Los Angeles? Hapana
Ile stori kwamba General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, waliua tramu (treni ndogo za mitaani) za Los Angeles ili wauze mabasi ni tamu, ila haiko hivyo. Kesi ya 1949 ilikuwepo kweli na walipigwa faini ya dola 5,000 (hela ya mboga tu kwao), lakini hatia ilikuwa kula njama kuhodhi soko la mabasi na vifaa, sio kuua tramu. Zile tramu nyekundu za mji huo, za kampuni ya Pacific Electric, tajiri Henry Huntington alizianzisha 1901 apate kuuza viwanja vya pembeni ya mji, sasa viwanja vikashauzwa, magari yakajaa, tramu nazo zikawa zinakaa foleni mitaani kama gari lolote, abiria wakachoka. Ya mwisho, ya kwenda mji wa Long Beach, iliondolewa 1961, na hapo mwenye mali ni mamlaka ya umma, sio General Motors! 1990 treni ikarudi, sehemu kubwa njia ileile.