Kichocheo hakikai pembeni

Wengi tulikariri shuleni kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko wa kemikali bila kushiriki. Nusu yake ni kweli: mwishoni hakitumiki kikaisha. Lakini katikati kinashiriki sana. Katika kutengeneza amonia ya mbolea, naitrojeni hunasa kwenye uso wa chuma, kifungo kigumu kinachoshika atomi zake mbili hukatikia hapo, kisha kila atomi hupokea haidrojeni moja baada ya nyingine na kuondoka ikiwa amonia. Mwanakemia Gerhard Ertl alizifuatilia hatua hizo, akapata Nobel mwaka 2007. Hata prolini, asidi amino ndogo tu ambayo mwanakemia Benjamin List aliitumia kama kichocheo mwaka 2000 kuunganisha asetoni na aldehidi (aina mbili za kemikali zenye kaboni), hujifunga kwanza na asetoni yenyewe. Tena viwandani vichocheo huchakaa. Salfa huvitia sumu, yaani huvizuia kufanya kazi, vikabadilishwa.