Mlimani kisahani hakiruki mbali zaidi: dhana potofu za gofu ya visahani

Mara ya kwanza kupelekwa Beaver Ranch, uwanja ulio katikati ya misonobari ya Conifer huko Colorado, nilikuwa na majigambo mengi. Conifer iko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Iten ya wakimbiaji. Njiani nilimwambia mwenzangu kwamba leo navunja rekodi zangu zote, maana huko juu hewa ni nyepesi. Alicheka, hakujibu. Kisahani changu cha kwanza kilikwenda vizuri kwa hatua arobaini, kikapinda kushoto ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka, kikazama msituni. Kilikuwa cha kijani.

Kwa ambaye hajauona mchezo huu: ni gofu kweli, ila badala ya fimbo na mpira unarusha kisahani cha plastiki, na badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma kwenye nguzo, juu yake minyororo ya kukamata kisahani. Hata hivyo wachezaji bado wanasema "shimo la kwanza", "shimo la pili", hadi la 18. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Kikapu hicho alikibuni Ed Headrick wa California, ambaye mwaka 1976 alianzisha PDGA, chama kinachosimamia kanuni za mchezo hadi leo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe.

"Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kisahani kitakwenda mbali"

Hii ndiyo iliyoniumbua. Imerithiwa kutoka gofu ya mpira, na kule ina ukweli wake. Mpira wa gofu ni mdogo, umeshiba, unaondoka kwa kasi kubwa mno, na kinachoukwamisha zaidi ni ukinzani wa hewa. Hewa ikipungua, mpira unapata nafuu. Kisahani ni bawa. Kinakaa angani kwa sababu hewa inakibeba, na hewa ikipungua ni mbebaji aliyepungukiwa nguvu.

Tupige hesabu kidogo. Kwenye kimo cha mita 2,500, hewa iliyomo katika ujazo uleule ni pungufu kwa asilimia 22 hivi kuliko pwani. Nguvu ya kuinua kisahani inapungua kwa kiasi hichohicho. Kasi ya kisahani inaweza kufidia, na kwa kuwa nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa kasi, huhitaji kuongeza asilimia 22. Asilimia 13 hivi zinatosha. Maana yake, anayerusha kwa kilomita 80 kwa saa pale ufukweni anatakiwa afikishe karibu 90 ili kisahani kibebwe vilevile. Na mkono ni uleule uliopanda nao gari.

Kwa hiyo mlimani kisahani kinafanya kama kimerushwa kivivu. Chukua mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuvusha mkono kifuani. Kisahani chake kikiwa na kasi huinamia kulia kwanza, na kasi ikiisha hupinda kushoto. Kule juu ile safari ya kulia inafupika au inapotea kabisa, na kupinda kushoto kunawahi. Visahani vingi vimeandikwa namba nne: kasi, kuelea, kugeuka (kule kuinamia kulia mwanzoni) na kupinda mwishoni. Ukipanda navyo mlimani, zisome namba hizo kwa tahadhari. Kisahani ambacho bondeni kilikuwa kinakusumbua kwa kugeuka kupita kiasi, ukawa umekitupa chini kabisa ya begi, huenda huku ndicho kitakachokwenda moja kwa moja.

Hapohapo inaanguka dhana nyingine, kwamba kisahani kizito ndicho chenye umbali. Visahani vya mbali vya gramu 175 hivi vimezoeleka sana, lakini vipo pia vya 150, na ambacho ni chepesi hakihitaji kubebwa sana. Siku hizi nikienda milimani, cha 175 kinakaa begini hadi upepo uchafuke.

Sisemi kwamba hakuna anayefaidika na hewa ile. Ukinzani nao umepungua, na mwenye mkono mkali, akichagua kisahani kinachogeuka kwa urahisi, huongeza umbali. Lakini ukitazama rekodi ya dunia, mita 338 za David Wiggins Jr. mwaka 2016, haikuwekwa kwenye kilele cha mlima wowote. Iliwekwa jangwani Nevada, tambarare ya Primm, kwa msaada wa upepo. Na hapo ndipo watu wanapojifunza somo la pili vibaya.

"Upepo ukitoka nyuma, una bahati"

Mabaharia wetu wanajua tofauti ya upepo wa omo na upepo wa tezi, na chombo chochote chenye tanga kingependa wa tezi. Kisahani hakina tanga. Kinachokibeba ni kasi yake ndani ya hewa, wala si kasi yake juu ya ardhi. Upepo ukikifuata kwa nyuma, hewa inayopita juu na chini yake inapungua, kinakosa wa kukibeba, kinashuka mapema na kupinda mapema. Wa mbele unafanya kinyume: unakiinua na kukigeuza, na kisahani chepesi unaweza kukipindua kabisa. Wanaovunja rekodi kwa upepo wa nyuma wanarusha juu sana na kwa nguvu ambazo mimi na wewe hatuna, kisahani kipate muda wa kusukumwa kabla hakijaanguka.

Sasa jumlisha: hewa nyepesi na upepo wa nyuma ni kasoro ileile mara mbili. Hewa nyepesi na upepo wa mbele zinafidiana kidogo, na hii ndiyo raha ya mlima ambayo wageni hawaijui. Tena upepo wa mlimani una ratiba. Usiku na alfajiri hewa iliyopoa huteremka kufuata mabonde. Jua likishapasha miteremko joto, hewa hupanda. Shimo la kuteremka ulilocheza saa mbili asubuhi upepo ukiwa mgongoni, saa saba mchana unaweza kulikuta upepo unakupiga usoni. Mtu akikwambia "shimo la saba linataka kisahani fulani", muulize alilicheza saa ngapi.

"Kwenye mteremko, rusha kwa nguvu zote"

Kinyume chake. Mteremko unakipa kisahani muda mrefu zaidi hewani, na muda huo wote kinaendelea kupinda. Kosa la hatua mbili kwenye tambarare linakuwa la hatua ishirini bondeni. Wazoefu hutoa kisahani cha masafa ya kati, au hata kile cha karibu cha kutilia kikapuni, wakakiachia taratibu kielee.

Jicho nalo linadanganya. Unaona kikapu kiko chini kule, bonde limefunguka mbele yako, na mwili unataka kurusha sambamba na upeo wa macho. Kwa kisahani kinachoteremka, pua yake, yaani ukingo wa mbele, iliyokaa sawa na upeo wa macho tayari imeinuka. Kinapanda, kinasimama hewani, kinapinda. Jipange sambamba na ardhi inayoteremka: mabega yainame, mkono ufuate mlima. Kwenye kupanda ni vilevile kwa upande wa pili, isipokuwa huko watu huinua pua kupita mlima wenyewe, na kisahani kinakufa hatua chache mbele yao.

"Karibu na kikapu, mlima hauna maneno"

Nimeona mirusho mingi zaidi ikipotea ndani ya mita kumi kuliko kwenye miteremko mirefu. Kikapu kikiwekwa kwenye mgongo wa kilima, kisahani kilichokosa minyororo huangukia ubavu na kuanza kubingirika kama gurudumu. Kanuni hazina huruma hapo: unacheza kilipolala, hata kama ni mita 30 chini. Na ndani ya mita kumi huruhusiwi kuisogelea shabaha baada ya kurusha mpaka umeonyesha umesimama imara bila kuyumba, jambo ambalo juu ya changarawe inayoteleza ni kazi kwelikweli. Ukiwa upande wa juu na huna uhakika, weka kisahani chini ya kikapu na ukubali mrusho mmoja wa ziada. Ukiwa upande wa chini, jaribu. Ukikosa, mara nyingi mlima wenyewe unakizuia.

Na kisahani kikikaa juu ya paa la kikapu? Hakihesabiwi. Kinatakiwa kitulie ndani ya trei, yaani kikapu chenyewe chini ya minyororo, au kishikiliwe na minyororo.

"Ni mchezo wa watalii wanaosubiri theluji"

Ni kweli kwamba viwanja vingi vya milimani viko kwenye vituo vya kuteleza kwenye theluji, maana kiangazi miteremko ile inakaa bure. Lakini Smugglers' Notch huko Vermont, kituo cha aina hiyo hasa, kimeandaa mashindano ya dunia mara mbili, 2018 na 2023. Mara ya pili Isaac Robinson alishinda kwa wanaume na Kristin Tattar wa Estonia kwa wanawake. Mwaka 2021 yalifanyika Ogden, Utah, chini ya milima ya Wasatch. Pale James Conrad, akiwa nyuma ya Paul McBeth kwa mrusho mmoja, alitia kikapuni kutoka mita 75 hivi kwenye shimo la mwisho, kisha akashinda kwenye shimo la nyongeza. Tafuta video yake. Sauti ya umati inatosha kukueleza kama ni mchezo wa kupitisha wakati.

"Asubuhi ni shwari, tutacheza hadi jioni"

Colorado wakati wa kiangazi, anga jeupe la asubuhi si ahadi. Mawingu ya radi hujikusanya mchana, na wewe uko mgongoni mwa mlima kati ya miti mirefu. Ukisikia ngurumo, umeshakuwa karibu vya kutosha kupigwa. Usijikinge chini ya mti wala usimalizie shimo. Nenda kwenye gari. Jua nalo ni kali hata kukiwa na baridi, kwani miale yake inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila unapopanda mita 1,000. Aliyetoka Tanga jana asione haya kuhema kwenye shimo la tatu. Anywe maji.

"Kikinasa mtini ni adhabu"

Wengi bado wanacheza hivi, kwa sababu zamani kisahani kilichonasa zaidi ya mita mbili juu kilikuwa na adhabu. Siku hizi kanuni hiyo inatumika tu pale msimamizi wa mashindano anapoitangaza. La sivyo, unaweka alama ardhini chini ya kisahani na kuendelea. Kukipoteza ndiko kunakouma: muda wa kutafuta ni dakika tatu, kisha ni adhabu ya mrusho mmoja na kurudi uliporushia. Dakika tatu kwenye msitu wa misonobari wenye mteremko hazitoshi hata kufika kilipoangukia, ndiyo maana wenyeji hununua visahani vya waridi na vya machungwa, na nyuma yake wanaandika namba ya simu kwa kalamu isiyofutika. Huokotwa baada ya miezi, theluji ikishayeyuka, na simu ikapigwa. Changu cha kijani kilikuwa hakina namba.