Kabla Hujang'oa Dirisha: Kwa Wenye Nyumba za Zamani Louisville

Tangu familia nyingi kutoka Kongo zianze kununua nyumba hapa Louisville, Kentucky, swali linalofika mezani kwetu ni lilelile: "Nyumba yangu iko kwenye orodha ya historia. Serikali itaninyang'anya?" Haitakunyang'anya. Tumelijibu mara nyingi na tunalijibu tena.

Orodha ni mbili. Daftari la Taifa la Maeneo ya Kihistoria, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1966, halimzuii mtu binafsi anayetumia fedha zake kufanya atakalo kwa nyumba yake. Yenye meno ni ile ya mitaa inayolindwa na sheria ya mji, kama Butchertown, Clifton na Limerick. Nyumba yaweza kuwa kwenye moja, zote mbili, au isiwemo kabisa. Uliza kwa anwani yako. Jirani hana daftari.

Ndani ya mitaa hiyo, kubadilisha sura ya nje huhitaji idhini ya uhifadhi kabla ya kazi kuanza. Kazi ndogo huamuliwa na watumishi, kubwa hupelekwa kwenye kamati. Kibali cha ujenzi ni karatasi nyingine. Kuwa nacho hakukuondolei hitaji la idhini. Ukianza bila idhini, kazi yaweza kusimamishwa, na ukaamriwa kurudisha ulichoondoa. Atakayeandikiwa barua ni mwenye nyumba. Fundi atakuwa ameshalipwa na kwenda zake.

Wapo wanaotuuliza kwa kicheko: kibanda hiki cha maskini kina historia gani? Kina nyingi. Nyumba nyembamba ya "shotgun" ina upana wa chumba kimoja, na vyumba vyake vimefuatana kama mabehewa. Aliyezoea nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati atashangaa: hapa ukumbi hakuna, ili ufike jikoni unapita chumba cha kulala. Watu husema ukifyatua bunduki ya marisau mlango wa mbele, marisau yatatokea wa nyuma, ndiyo maana ya jina. Katika miaka ya 1970 mtafiti John Michael Vlach aliifuatilia ramani hiyo kutoka New Orleans hadi Haiti, na kutoka huko hadi kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi. Mwaka 1809 maelfu ya wakimbizi kutoka Haiti waliingia New Orleans wakitokea Cuba. Na kati ya waliouzwa utumwani Haiti, wengi walitoka upande wa pwani ya Kongo. Msomaji wa Kikongo asiione ngeni sana.

Sasa dirisha. Likikwama, wengi hulitupa na kuweka la plastiki. Hebu ondoa kwanza ubao wa pembeni: ndani ya fremu utakuta kipande cha chuma kikining'inia kwa kamba, ndicho kinachobeba uzito wa kioo. Mara nyingi kilichokatika ni kamba tu. Ila nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 yaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usikwangue kavu watoto wakiwa karibu.

Na hilo Daftari mnaloliogopa ndilo lenye fedha. Kwa makazi ya mwenyewe yaliyomo humo, Kentucky ina nafuu ya kodi ya hadi asilimia 30 ya gharama zinazokubalika, mradi utumie angalau dola 20,000. Leteni maombi na picha kabla ya kazi. Tunaletewa nyingi za baada.